Kitabu cha Kuhifadhi, Si cha Kusoma

Mabonga aliwamwagia kuku mahindi kwa mara ya tatu tangu adhuhuri, nao kuku, ambao si desturi yao kukataa neema, waliyatazama yale mahindi, wakayakanyaga, wakapita. Mkewe Brigid, aliyekuwa akianika nguo uani, alishusha mikono.

"Baba Murunga, unawanenepesha kwa Krismasi ipi?"

"Nilidhani hawajala."

"Walikula, ukawapa tena. Ukaenda langoni, ukarudi, ukafunga mlango wa choo ambao haukuwa wazi. Kama una homa, sema, nikupikie chai ya tangawizi."

"Sina homa."

"Basi keti. Unanizungusha macho."

Mabonga aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kabla Brigid hajabana kibanio kingine kwenye kamba, mumewe alikuwa amekwisha kusimama, anaelekea langoni.

Haikuwa homa. Kilichomkosesha raha kilikuwa ndani ya sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda chao, miongoni mwa kumbukumbu za kanisa. Kilikuwa kitabu.

Kanisa lao pale Munyaka lilikuwa limeanzishwa na watu waliotoka magharibi kuja Eldoret kutafuta kazi, nalo lilikuwa na desturi yake. Hapakuwa na kura, wala mkono haukuinuliwa. Jambo lilipoletwa mkutanoni, watu walikaa kimya mpaka moyo wa mkutano ujulikane, kisha karani, aliyeketi mezani mbele yao, alisoma azimio na kuuliza, "Je, ndugu, mnaafiki?" Wakijibu kwamba wanaafiki, jambo limepita. Lakini akitokea mmoja akasema "siafiki," hata awe mjane aliyehamia juzi, azimio lilisimama pale pale hadi mkutano mwingine. Mtu pekee asiyekuwa na neno alikuwa karani mwenyewe. Yeye alipewa masikio ya kuwasikiliza wenzake na kalamu ya kuandika walichokubaliana; maoni yake aliyaacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Mabonga alikuwa karani tangu kanisa likiwa la udongo. Alikipenda kiti kile kuliko alivyothubutu kukiri. Maazimio yake yalinyooka, hayakuwa na neno la ziada wala neno lililopungua, na wazee walikuwa wakisema kwamba Mabonga akiandika, hata aliyeshindwa huondoka ameridhika.

Shauri la safari hii lilimhusu Sylvia, binti aliyefanya kazi katika duka la kutoa nakala karibu na stendi, ambaye Jumapili aliwafundisha vijana wa darasa la juu. Kijana mmoja alikuwa amemwuliza: wale babu wa babu zetu, waliokufa kabla wahubiri hawajafika, je, wako motoni? Sylvia alijibu, "Sijui. Mungu ndiye ajuaye." Jibu hilo lilifika nyumbani kwa Mama Tryphosa, kiongozi wa akina mama, kabla chai haijapoa. Mama Tryphosa alipochunguza zaidi aligundua kwamba Sylvia alikuwa na kitabu, na kwamba alikuwa akiwaazima vijana. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza na mtu aliyehubiri miaka mingi, kisha siku moja akaketi na kuanza kuyauliza maswali yote aliyokuwa amewakataza wengine kuyauliza.

Mzee Wabuge, mkubwa wa wazee wa kanisa, alikitwaa kitabu hicho, akakileta mwenyewe kwa Mabonga, kimefungwa katika mfuko wa sukari.

"Karani," alisema, "hiki ni cha kuhifadhi, si cha kusoma. Tutakihitaji siku ya mkutano."

Wakaketi sebuleni, na Mabonga akaandika azimio papo hapo, kama ilivyokuwa kawaida yao kutayarisha maneno mapema ili mkutano usipotee njiani. Azimio lilisema kwamba Sylvia ataacha kufundisha mpaka atakaposimama mbele ya kanisa na kutubu, kwanza kwa ajili ya jibu lake, pili kwa ajili ya kitabu. Mzee Wabuge alilisoma, akatikisa kichwa kwa furaha. "Limenyooka," alisema.

Naam, lilikuwa limenyooka. Tatizo ni kwamba aliyeliandika alikuwa hajakifungua kitabu.

Na pengine asingekifungua kamwe, lau kazi yake ingalikuwa nyingine. Siku za juma Mabonga aliajiriwa kwenye ghala la nafaka, akipokea mahindi ya wakulima wa Moiben. Hapo hapakuwa na gunia lililoingia ndani kwa sura yake. Lilichomwa ubavuni kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, punje zikatoka kiganjani, zikatazamwa, zikanuswa, zikapimwa unyevu. Mkulima angeweza kuapa kwa jina la mama yake kwamba mahindi ni makavu. Mabonga alimsikiliza kwa adabu huku akichoma. Basi mtu wa namna hiyo, aliyewakatalia matajiri magunia yao, alikuwa ameyapokea maneno ya kitabu kizima, akayatolea hukumu, bila kuchoma hata mara moja. Jambo hilo lilimkera kama punje iliyokwama jinoni.

Ndipo akajiambia kwamba angechukua sampuli tu. Alikifungua kitabu katikati, kama achomavyo gunia, akasoma polepole, kamusi ya mwanawe ikiwa gotini. Mwandishi alisema kwamba kifo cha yule aliyemsaliti Bwana kinasimuliwa mara mbili, na kwamba masimulizi hayo hayapatani: mahali pamoja alijinyonga, mahali pengine alianguka shambani akapasuka. Mabonga alitabasamu, akaifuata Biblia yake ili amwumbue mtu huyo. Alisoma huku. Akasoma kule. Tabasamu likamkauka. Mahali pote pawili alikuwa amepasoma tangu ujana wake, na hakuwahi kuviweka vifo hivyo viwili katika kiganja kimoja.

Hilo angalilimeza. Watu wawili wakisimulia ajali moja ya barabarani, nani hutegemea wapatane? Lakini alifungua ukurasa mwingine, na huko akakuta sentensi iliyokuja kumnyima usingizi. Mwandishi alisema: anayefundisha kwamba wote wasioipokea injili wamepotea, na asiseme "wote", na amtaje mmoja, kwa jina, mtu aliyemjua na kula naye.

Mabonga alikifunga kitabu. Alikuwa amekwisha kumtaja.

Alilelewa na bibi yake, Kukhu Nakhumicha, katika kijiji cha karibu na Kimilili. Kukhu hakubatizwa. Wahubiri walipomjia aliwapa ndizi, akawasikiliza, akawasindikiza hadi njiani, na alfajiri iliyofuata akatoka nje kama kawaida yake, akatazama mashariki na kumtaja Wele, Mungu wa baba zake, akimwomba awaamshe salama wote waliolala, pamoja na wale wahubiri. Alipofariki, alizikwa bila wimbo. Mwalimu wa dini aliwaambia watoto waziwazi alikokwenda, na Mabonga, aliyekuwa mtoto mtiifu, aliamini. Jambo lenyewe alilifunga kama watu wanavyokifunga chumba cha marehemu: hawakibomoi, wala hawakiingii tena. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameandika mezani pa kanisa, mara kwa mara, neno "waliopotea," na hakuwahi kuona uso wowote nyuma ya neno hilo.

Sasa aliuona. Aliuona akiwa ghalani, akiwa barabarani, akiwa amefumba macho kubariki chakula. Maneno ya sala yalimtoka kinywani yakiwa mepesi kama makapi. Akakisoma kitabu tena, akitumaini kumkuta mwandishi amekosea mahali pakubwa, ili mambo yote yaanguke pamoja. Mwandishi alikuwa amekosea hapa na pale. Kiburi chake kilimwudhi Mabonga, na dhihaka zake nyingine hazikuwa na msingi. Lakini swali lile lilibaki limesimama, kama mgeni asiyetaka kiti.

Na mkutano ulikuwa kesho.

"Brigid," alisema, aliporudi kutoka langoni, "nimekisoma."

Brigid hakuuliza ni nini. Nguo aliyokuwa ameishika ilidondosha maji juu ya miguu yake. "Nilijua. Mtu hahifadhi kitu kwa kukipeleka chooni."

"Siwezi kulisoma lile azimio."

"Si lazima ulipende. Wewe ni karani. Lisome, waafiki, turudi tule."

"Kama Sylvia atatubu kwa jibu lile, na mimi nitubu kwa lipi? Mimi hata hilo jibu lake sikuwa nalo."

"Nisikilize vizuri." Brigid aliitupa nguo ndani ya beseni. "Hapa Eldoret hatuna ukoo. Ulipolazwa mwaka juzi, nani alilala hospitalini nawe? Lusweti, wa kanisa. Mwanetu Murunga yuko Nairobi na kazi zake. Ukifa leo, nani atatafuta gari la kukupeleka Kimilili? Nani ataimba njiani? Hicho kitabu kitaimba?"

"Hakitaimba."

"Basi mwache Mungu na watu wake, nawe uwe karani."

Mabonga alichukua jembe, akaenda kupalilia mahali palipokuwa pamepaliliwa.

Jumapili mvua ilianza wakati wa nyimbo, ikayapiga mabati hata ikawa ni kama mkutano mwingine unaendelea juu yao. Ibada ilipokwisha, wageni waliondoka, na wenyeji wakabaki kwa ajili ya shauri. Wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao. Sylvia aliketi mbele, mikono mapajani, amevaa sweta la kijivu. Kitabu kilikuwa mezani, mbele ya Mabonga, na watu walikitazama kama wanavyomtazama nyoka aliyekufa: kwa ujasiri, lakini wakiwa mbali.

Mama Tryphosa alipewa nafasi. Hakupiga kelele.

"Ndugu zangu, mimi simchukii huyu binti. Nilimshonea gauni la kipaimara kwa mikono yangu. Lakini mniulize mimi ninayeuza mboga pale sokoni, nimewalea watoto wanne peke yangu katika mji huu, nimewapa nini? Shamba sina, nyumba ni ya kupanga. Nimewapa imani tu. Sasa mtu akija na kitabu akaikatakata imani hiyo mbele ya mwanangu, ataniachia nini cha kumrithisha? Atanirudishia kwa mizani gani?"

Wanawake waliguna kwa kukubali. Mabonga aliyasikia maneno hayo yakimwingia, kwa maana yalikuwa ya kweli. Hata Sylvia aliinamisha kichwa.

Kisha kikaja kimya. Kimya hicho Mabonga alikijua kama mchungaji anavyojua mifugo yake. Alizoea kusikia wakati kinapoiva. Safari hii hakusikia ila mvua. Alishika karatasi ya azimio, akaiweka, akaishika. Mzee Wabuge alimkoholea kidogo, kukohoa kwa kumkumbusha mtu kazi yake.

Mabonga alisimama, akasoma. Alifika mahali paliposema "kwa ajili ya jibu alilolitoa," akaishusha karatasi.

"Ndugu," alisema, "naomba mtu mwingine akae mezani."

"Umeugua?" akauliza Mzee Wabuge.

"Sijaugua, Mzee. Nina neno, na karani hana neno. Lusweti, njoo ukae hapa."

"Mimi?" Lusweti, karani msaidizi, alitazama nyuma yake, kana kwamba kulikuwa na Lusweti mwingine. "Mimi huandika tu majina ya wanaoleta maua."

"Leo utasoma hiyo karatasi. Imeandikwa kwa hati kubwa."

Mabonga aliondoka mezani. Kutoka pale hadi benchi la kwanza la wanaume hapakuwa mbali, lakini watu waliokaa hapo hawakusogea, nao hawakufanya hivyo kwa ubaya. Hawakuelewa tu kwamba alitaka kuketi. Alibaki amesimama mbele yao kama mtu aliyechelewa arusi, mpaka mmoja akabana magoti, naye akajipenyeza.

Lusweti alisoma azimio lote kwa sauti ya mwanafunzi. "Je, ndugu, mnaafiki?"

"Tunaafiki," walisema wengi.

"Siafiki," akasema Mabonga.

Mtu angedhani mvua imekatika. Upande wa wanawake, Brigid alifumba macho.

Mzee Wabuge aligeuka polepole, mwili wote pamoja na fimbo. "Umekisoma?"

"Nimekisoma, Mzee, ingawa sijakimaliza."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nikihifadhi. Nimekihifadhi. Hakina hata kunjo."

Kijana mmoja nyuma alicheka, akapigwa kikumbo na mama yake.

"Usinifanyie mzaha, Mabonga. Nakuuliza mbele ya watu hawa: bado unaamini?"

"Mzee, mwezi uliopita ningalikujibu swali hilo huku nikipiga miayo. Leo siwezi. Asubuhi naamini. Ikifika saa nane nimeteleza, jioni nimepanda tena, na sijui kesho nitaamkia wapi. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini Sylvia hatuwezi kumfukuza kwa jibu alilolitoa, mpaka sisi tutoe la kwetu." Akatafuta namna ya kulisema bila kukosa adabu, asiipate. "Mzee, wewe uliitwa Wabuge kwa jina la babu yako. Umetusimulia kwamba alikufa kabla mhubiri wa kwanza hajavuka mto kuja kwenu, na kwamba alikuwa mtu wa haki, watu wakimletea kesi zao kutoka mbali. Naomba utuambie. Wabuge wa kwanza yuko wapi?"

"Weh!" alisema mtu upande wa akina mama. Mama Tryphosa alisimama nusu, akaketi tena. Mtu hamwulizi mzee swali la namna hiyo mbele ya watoto wake, tena juu ya jina analolibeba.

Mzee Wabuge hakukasirika. Ingalikuwa nafuu kama angekasirika. Aliitazama fimbo yake, akaihamisha kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, akairudisha. Taya lake lilitembea kama mtu anayetafuna kitu kigumu. Watu walingoja. Mabonga, aliyezoea kukipima kimya na kukifunga kwa wakati wake, alijikuta amekaa ndani ya kimya kisichokuwa chake, wala hakujua afanye nini na mikono yake.

"Mungu," alisema mzee hatimaye, sauti ikiwa chini sana, "ndiye ajuaye."

Alipokwisha kulisema, alilisikia. Watu wote walilisikia. Sylvia aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Lakini Mzee ni mzee!" Mama Tryphosa alisema kwa uchungu. "Anaweza kulibeba. Huyu anawaambia watoto!"

"Mama," akasema Sylvia, "ni mwanao aliyeniuliza. Aliniuliza juu ya mama yako mwenyewe. Ningemwambia nini?"

Mama Tryphosa alifungua kinywa. Akakaza kitambaa chake kichwani, akakikaza tena, akatazama mlangoni ambako maji yalikuwa yakiingia.

"Lusweti," Mzee Wabuge aliita. "Andika kwamba hatukuafikiana. Jambo litarudi mwezi ujao. Binti ataendelea na darasa lake mpaka hapo."

"Ndiyo, Mzee."

"Andika pia kwamba kiti cha karani ki wazi. Aliyeondoka mezani harudi mezani. Hiyo ndiyo desturi, sikuitunga mimi."

Mabonga alijua kwamba ndiyo desturi. Alikuwa ameiandika yeye mwenyewe, katika hati iliyonyooka. Hata hivyo aliinama kidogo kama mtu aliyebebeshwa gunia bila kuonywa.

Nje mvua ilikuwa imepungua na upepo wa baridi ukivuma kutoka upande wa Timboroa. Watu walitoka haraka kuliko kawaida, wakigawana miavuli, wakimsalimu Mabonga kwa nyusi. Mama Tryphosa alimpita bila kumtazama, amemshika mwanawe mkono, na yule kijana alikuwa akiuliza kitu. Lusweti alikuja na kile kitabu, amekishika kwa vidole viwili.

"Karani... yaani, Mzee Mabonga. Hiki nikipeleke wapi? Mimi kwangu sikitaki."

"Nipe mimi," ikasema sauti nyuma yao. Alikuwa Mzee Wabuge, amenyoosha mkono.

Mabonga alikichukua kwanza. "Sijakimaliza, Mzee."

"Na ukikimaliza utapata nini?"

"Sijui. Pengine sitapata kitu. Lakini kukiacha hapa katikati ndiko kunakoniua."

Mzee alimtazama, matone ya mvua yakimwangukia kofiani. "Umeniaibisha leo."

"Najua, Mzee. Naomba radhi kwa kukuaibisha. Kwa swali lenyewe siwezi kuomba."

"Ukikimaliza, njoo nyumbani. Njoo wewe, kitabu kiache kwako. Sitaki kiingie katika nyumba yangu."

"Nitakuja."

Mzee Wabuge alishika njia, akikwepa madimbwi, fimbo ikizama matopeni na kuchomoka. Brigid alikuwa akingoja langoni chini ya mwavuli, uso wake haujaamua bado kama ni wa hasira au wa huruma. Mabonga alikuwa ameanza kumwendea alipoisikia fimbo imenyamaza. Mzee alikuwa amesimama katikati ya barabara, amewapa mgongo.

"Mabonga!"

"Naam, Mzee!"

"Macho yangu hayasomi tena, na Kiingereza chenyewe sikukifikia mbali." Akapangusa kidevu. "Njoo nacho."